Jino lililorudishwa haliumi. Eksirei ya nini tena?

Mama Zuhura, Tanga
Shikamooni wakubwa, wenzangu habari zenu. Miezi mitatu iliyopita baiskeli ilimtupa mwanangu wa miaka 9 mtaroni, jino la mbele la juu likatoka zima na mzizi wake. Jirani akalitia kwenye kikombe cha maziwa, tukafika kliniki kabla saa haijatimia. Lilirudishwa, likafungwa waya wiki 2. Sasa anatafuna muhogo wa kuchoma bila shida. Lakini kadi inasema turudi kwa eksirei nyingine, ya tatu hiyo. Bibi yake anasema tunamchosha mtoto na mionzi bure, na mimi nauli yenyewe naiungaunga. Nikisubiri hadi liume, kuna ubaya?

Tabibu wa Meno
Pole dada, na huyo jirani mshukuru sana. Ila usisubiri maumivu, maana mzizi unaweza kuliwa mtoto asihisi chochote.

Jino likitoka, utando unaolishikiza kwenye mfupa huumia, na mwili huweza kuanza kuula mzizi. Ninaouogopa zaidi ni ulaji unaoletwa na kiini kilichokufa, yaani ile nyama laini iliyo ndani ya jino, na vijidudu ndani yake. Kwa mtoto huenda mbio mno, ni suala la wiki. Kwenye picha utaona vishimo vyeusi ubavuni mwa mzizi na kwenye mfupa unaopakana nao. Vikikutwa mapema tunasafisha ndani ya mzizi, tunaweka dawa, na mara nyingi ulaji husimama.

Kuna pia jino kugandana na mfupa. Hilo naanza kulishuku kabla ya picha: naligonga kwa mpini wa kile kioo kidogo cha kutazamia meno, linatoa mlio mkali kuliko wenzake, na nikilisukuma halitikisiki hata kidogo. Huko hakuna kurudi nyuma; taya linakua, jino linabaki juu na kuonekana fupi, kwa hiyo ni vizuri kujipanga mapema.

Mionzi ya picha moja ya jino ni kidogo sana. Omba ilinganishwe na ile ya kwanza. Na baada ya mwaka huu usiache, arudi kila mwaka, angalau miaka 5.

Baba Wawili
Sikiliza tabibu, dada yangu. La binti yangu halikutoka, lilizama ndani ya fizi. Hakulalamika hata siku moja, nasi hatukurudi miezi minane. Picha ilipopigwa, nusu ya mzizi haikuwepo. Bado linaniuma mimi.

Mama Zuhura, Tanga
Ahsanteni. Tulikwenda jana na bibi yake. Mlio ulikuwa sawa na wa jino la pembeni yake, lakini picha ilionyesha vishimo viwili vidogo ambavyo ile ya kwanza haina. Kapigwa ganzi, mzizi umesafishwa, dawa imewekwa. Bibi kazishika picha zote mbili dirishani, kazitazama muda mrefu. Tarehe ya kurudi kaiuliza yeye.