Nataka kuzunguka Nairobi kuangalia majengo ya zege ya enzi za uhuru, bila mtembezaji. Nianzie wapi?

Mtoto wa Mkomani
Assalamu alaykum wana jukwaa. Kazi yangu ni kutembeza wageni hapa Lamu: ngome, Msikiti wa Pwani, nyumba za mawe. Mwezi ujao nampeleka mdogo wangu Nairobi kuanza chuo, atasomea ujenzi, na kabla hajaripoti tutakuwa na Jumamosi nzima ya bure. Twataka kuyaona majengo yaliyojengwa kuanzia miaka ya 1950 hadi 1970, kwa miguu, bila kumlipa mtu (haya, chekeni, mimi ndiye wa kusema hivyo). Tuanzie wapi? Siku moja yatosha? Na kupiga picha je?

Mama Langoni
Yaani uache nyumba zenye zidaka za kuchongwa ukutani na madaka ya kukalia mlangoni ukaangalie zege? Mji wetu umo katika urithi wa dunia tangu 2001, mwanangu. Watu wapanda ndege kuja huku.

Msanifu Mtaani
Waalaykum salaam. Siku moja yatosha, kwa sababu yaliyo mazito yamekusanyika karibu na City Hall. Anzeni na Basilica ya Familia Takatifu, kanisa kuu la Katoliki. Ilichorwa na Dorothy Hughes na kukamilika 1963, mwaka ule ule wa uhuru. Muwe Waislamu au msiwe, ombeni ruhusa mlangoni, kaeni nyuma mkimya, muone urefu wa ndani na mwanga wa vioo vya rangi. Jumamosi ni afadhali kuliko Jumapili, ila kukiwa na harusi subirini nje.

Kisha vukeni mpaka KICC, jumba la mikutano ya kimataifa, na hapo msiwe na haraka. Walioichora ni Karl Henrik Nøstvik wa Norway na David Mutiso, Mkenya. Ilianza kama mpango wa makao makuu ya KANU, chama kilichotawala wakati ule. Baadaye Nairobi ikapewa mkutano wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) wa 1973, kazi ikapanuliwa. Mnara una ghorofa 28, na pembeni yake ule ukumbi wenye paa lililochongoka. Watu wengi hupiga picha ya mnara peke yake wakaondoka. Mimi naona uzuri wa pale ni mazungumzo ya hayo maumbo mawili, kwa hiyo zungukeni upande wa pili pia. Kupanda juu kuna kiingilio, na vitambulisho mbebe.

Kombo wa Shela
Bunge nalo limo njiani. Amyas Connell, mzaliwa wa New Zealand, ndiye mchoraji wake. Alikuwa mmoja wa waliotangulia kujenga nyumba za mtindo wa kisasa wa zege Uingereza miaka ya 1930, kabla ya kuhamia Kenya. Ila litazameni kwa macho, simu mfukoni. Askari wa pale hawataki maelezo marefu.

Mama Langoni
Bado hamjanijibu. Zege lina nini?

Msanifu Mtaani
Mama, nakujibu kwa jua. Lamu mafundi walilishinda jua kwa vichochoro vyembamba na kuta nene za matumbawe. Nairobi barabara ni pana, hakuna kichochoro cha kukupa kivuli, basi jengo lajikinga lenyewe: vibao vya zege nje ya madirisha, vizuizi vyenye matundu, veranda zilizoingia ndani. Na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua gumu ni lile la asubuhi na la alasiri, linaloingia chini chini kutoka mashariki na magharibi. Jua la saa sita liko juu, kijipaa kidogo chalimaliza. Mwambie kijana wako kila jengo aulize upande gani umefunikwa zaidi, halafu atafute jua lilipo. Hilo ndilo somo la kwanza la ujenzi, na halina ada.

Mama Langoni
Hapo sasa umesema.

Kombo wa Shela
Nyongeza: ule mnara wa duara wa Hilton, wa 1969, hoteli imefungwa tangu mwisho wa 2022 lakini umbo laonekana vizuri kutoka barabarani. Msikiti wa Jamia ni wa 1933, si wa mtindo huu, ila adhuhuri itawakuta hapo karibu. Na mkipata hamu zaidi, siku nyingine nendeni Dar mkaone soko la Kariakoo la Beda Amuli. Paa lake la zege liliundwa kama miavuli mikubwa inayokusanya maji ya mvua. Liliungua kwa moto Julai 2021.

Mtoto wa Mkomani
Shukrani sana. Basi ni Basilica, KICC, Bunge kwa macho tu, Jamia, Hilton. Mdogo wangu aniuliza kama abebe daftari la kuchorea.

Msanifu Mtaani
Abebe. Picha ya simu unapiga na kusahau, lakini ukichora dirisha moja lazima uhesabu vibao. Na Bunge asichore mbele ya lango, akachore akifika chuoni.

Kombo wa Shela
Na sweta. Asubuhi ya Nairobi si ya kikoi.