Kuwafuga farasi wadogo na wakubwa pamoja katika shamba la ekari tano

Ndugu zangu, wakubwa shikamooni, na wengine habari za siku nyingi. Mimi na mume wangu tumehamia shamba la ekari tano nje ya Lexington, Kentucky, tukiwa na farasi wawili wa kawaida, na jirani yetu anayehama anataka kutuachia farasi wake wawili wa ile aina ndogo. Naomba mwenye ujuzi anieleze kama wanaweza kukaa malisho mamoja.

——

Dada, salamu zimefika. Wanaweza kukaa pamoja, na ni vyema, kwa kuwa farasi ni mnyama wa kundi. Wengi huogopa teke, na hofu hiyo ina msingi: farasi mkubwa ana kilo 500 hivi, mdogo mara nyingi hafikishi 120, na teke ambalo mkubwa mwenzake angelipokea pajani, mdogo hulipokea kichwani. Kwa hiyo waacheni wazoeane kwa wiki kadhaa huku uzio ukiwatenga, kisha muwaunganishe mchana, mahali peupe pasipo na kona ya kubaniwa, wakubwa wakiwa wamevuliwa viatu vya chuma vya nyuma. Mkubwa anayeendelea kumkimbiza mdogo hata baada ya huyo kumpisha, abaki upande wake moja kwa moja.

Hata hivyo, katika miaka niliyofanya kazi kwenye mashamba ya huku, nimeona farasi wadogo wengi wakiharibiwa na majani kuliko mateke. Malisho ya Kentucky yamestawi mno, na mdogo wa kilo 100 anatosheka na kilo moja na nusu hadi mbili za majani makavu kwa siku. Akishinda malishoni na wakubwa hunenepa, shingo humwota nundu ngumu, kisha hupatwa na laminaitisi, yaani uvimbe wa tishu zinazoushikilia mfupa ndani ya kwato. Utamkuta ameegemea nyuma, miguu ya mbele ameitanguliza, hataki kugeuka, na ukizishika kwato utazikuta zina joto. Hapo usingoje kuche; mwite daktari wa mifugo usiku uleule.

Mtengeeni kiwanja kisicho na majani, mumpe chakula kilichopimwa kwa mizani ndani ya wavu wa matundu madogo, naye atoke kwa saa chache kujiunga na wenzake akiwa amevishwa kikapu cha mdomo. Lakini msimkatie chakula ghafla ili akonde, kwa sababu mdogo mnene akikosa kula, mafuta ya mwili hufurika katika damu na yanaweza kumuua. Nafaka za wakubwa ziliwe bandani, mlango ukiwa umezibwa hadi chini, maana mdogo hupita chini ya boriti ya lango bila shida. Ndivyo atakavyopenya uzio wenu wa mbao pia, msipougongomea wavu wa waya ambao kwato haiwezi kupita. Maji nayo yawe kwenye chombo kifupi anachokifikia.

——

Kaka, tunashukuru sana. Mmoja wa hao wadogo ni dume asiyehasiwa, nasi tuna jike mkubwa. Je, kimo hakitawazuia?

——

Hakitawazuia, dada, jike akisimama mahali penye mteremko, dume mdogo hupata njia. Ahasiwe kabla ya kuhamia kwenu, na hata baada ya hapo muwatenge kwa wiki kadhaa, kwa kuwa mbegu zilizosalia bado zina uwezo. Iwapo jike huyo tayari ana mimba, mwondoeni kwenye malisho yenye majani ya feskyu katika miezi mitatu ya mwisho, kwa maana kuvu iliyomo ndani ya majani hayo huchelewesha kuzaa na hukausha maziwa. Tena, bomba la dawa ya minyoo hutengenezwa kwa kipimo cha farasi mkubwa: mpimeni mdogo uzito kwanza, mkaze pete ya bomba kwenye kilo zake, na muwe waangalifu zaidi dawa ikiwa ni moksidektini.