Tunataka kujiunga na sinagogi, watatupokeaje? Wenye uzoefu naomba msaada

BintiMoshi
Wakuu habari za wikiendi. Mimi Mtanzania naishi Chicago mwaka wa sita sasa, mume wangu ni Myahudi wa hukuhuku ila kwao hawakuwa watu wa sinagogi kabisa, sasa tangu baba yake afariki mwezi wa pili naona anatamani kurudi, na binti yetu ana miaka 4 maswali hayaishi. Mimi nimelelewa Mlutheri, sijabadili dini na sijaamua. Tulienda sinagogi moja mara mbili, jina silitaji. Mara ya kwanza tukakaa nyuma, kitabu cha sala nikakifungua upande wa kushoto kumbe kinaanzia kulia, watu wanasimama wanakaa mimi sijui tuko ukurasa gani, saa mbili nzima hakuna aliyetusogelea. Mara ya pili mama mmoja akaniuliza eti mimi ndo yaya wa mtoto. Nilienda kulilia kwenye gari. Kwetu mgeni akija kanisani anasimama anataja jina na alikotoka watu wanapiga makofi, ndo mapokezi ninayoyajua. Naomba kujua, hawa wenzetu mgeni wanampokeaje, na wale wanaodumu miaka nenda rudi wanashikiliwa na nini? Na hii ada ya mwaka ikoje?

Mlezi_NJ
Pole sana dada, hiyo ya yaya imeniuma kama ni mimi. Mimi Mkenya, nimelea mzee Myahudi huku New Jersey miaka 5, kila Jumamosi nasukuma kiti chake mpaka sinagogi. Wacha nikuambie, ibada yenyewe haikuonyeshi kama wana mapokezi, angalia baada ya ibada. Kuna kitu inaitwa kidushi, watu wanaingia ukumbini wanabariki divai ama juisi ya zabibu kwa vikombe vidogo, kuna mkate umesukwa kama nywele, samaki, keki, na hapo ndo watu huongea. Nyinyi mlitoka mbio, sindio? Next time kaeni. Mahali watu wana roho utaona mtu anakuja na sahani mbili, moja yake moja yako.

Halafu ya kudumu. Kuna sala haziwezi kusomwa bila watu wazima kumi, wanaita minyani. Kwa Waorthodox, wale wanaoshika mila kabisa, ni wanaume tu, kwingine hata wanawake wanahesabiwa. Mzee wangu alikuwa na miaka 92, haoni vizuri, na bado simu ingelia asubuhi, tuko nane njoo. Namvalisha koti mbiombio. Yule mzee hakuwahi kujiona mzigo juu bila yeye hawangeanza. Na alipofariki wakakuja nyumbani siku saba, wamefunika vioo, wafiwa kwa viti vya chini, kila jioni kumi wanatimia na chakula kimeletwa. Sasa bwanako amefiwa na babake mwezi wa pili, kuna sala ya wafiwa inaitwa kadishi, mtoto humsomea mzazi miezi 11 na haisomwi peke yako. Aende aseme tu nimefiwa na baba nataka kusoma kadishi. Watamshika mkono.

kaka_mweleweshaji
Naongezea hapo kwa Mlezi. Dada muanze kwa kujua sinagogi ni ya mkondo gani kabla hamjapenda watu mkaja kuumia. Waorthodox na Conservative (hawa wako katikati) mtoto ni Myahudi kwa mama yake, kwa hiyo binti yenu wangetaka aongoke kwanza. Reform, mkondo wa kisasa zaidi, huku Marekani tangu 1983 wanamtambua hata wa baba Myahudi akilelewa kwenye imani hiyo. Na wewe mwenyewe, sinagogi nyingi za Reform wanaandikisha familia nzima, Conservative nao tangu 2017 muungano wao umeziachia sinagogi ziamue zenyewe kama asiye Myahudi anaweza kuwa mwanachama. Muulize rabi waziwazi kwenye simu, rabi mzuri hatazungukazunguka. Ada ipo kwa sababu siku ya Shabati, yaani Jumamosi yao ya mapumziko, kimila pesa haishikwi, hakuna kapu linalopita, na jengo na mishahara vinahitaji hela. Sehemu nyingi sasa unalipa unachoweza, ila lazima useme, na ukisema si aibu.

Pia andikeni imeili kabla ya kwenda. Tangu mauaji ya kwenye sinagogi Pittsburgh 2018 walipouawa watu 11 walinzi wako mlangoni wanauliza maswali, ukiwa umeandika kuna mtu anakuwa anakusubiri kwa jina.

Wa_Bungoma
Mimi nafanya kazi Mbale Uganda, Abayudaya, yaani Wayahudi wa Uganda, wa kilima cha Nabugoye ni majirani. Walianza na chifu Semei Kakungulu 1919, Amin akawapiga marufuku, wakabaki mia chache tu wakisali kwa kujificha. Leo wana rabi wao Gershom Sizomu, alisomea Los Angeles akawekwa rasmi 2008. Nilialikwa Ijumaa moja jioni, zaburi za Kiluganda na Kiebrania, ngoma na gitaa, na watoto ndio walikuwa wanaimba kwa sauti kuliko watu wazima. Msichana wa kama miaka tisa akanifungulia kitabu akanionyesha mstari kwa kidole mpaka mwisho. Hakuna aliyemtuma. Dada tafuta yenye ibada ya watoto wadogo, binti akishajua nyimbo mbili yeye ndo atawavuta nyie.

BintiMoshi
Jamani asanteni. Mrejesho: tulipiga simu ya Reform moja, rabi mwenyewe kapokea, nikamwambia yote hadi ya yaya, akanyamaza kidogo akaniomba msamaha wakati siyo hata kwake. Alhamisi mume wangu kaenda sala ya asubuhi, walikuwa tisa naye, wakasubiri dakika 20 kaingia mama mmoja na mfuko wa soko wakaanza. Kadishi kaisoma kwa herufi za Kiingereza, mzee mmoja pembeni anamfuatisha taratibu. Kurudi nyumbani macho mekundu, hakuongea mpaka chai. Jumamosi tunaenda wote. Nipike nini nipeleke? Nawaza maandazi.

Mlezi_NJ
Nimefurahi mpaka basi! Lakini maandazi usipeleke bila kuuliza, majiko mengi ya sinagogi yana masharti ya vyakula na kitu kimepikwa nyumbani hakiingii. Enda mikono mitupu safari hii, ukizoeleka watakuweka zamu ya kidushi uyapike hapohapo kwao.