Mpwa wangu ana cheti cha kidato cha nne na hawezi kusoma tepu. Nimrudishe kwa mamake?

Fundi wa Ngong Road

Wadau, naomba ushauri, na mnisamehe maelezo ni marefu.

Nina karakana ya samani hapa kando ya Ngong Road, ukitoka Dagoretti Corner ukielekea Racecourse. Mwaka jana dadangu mkubwa alinipigia simu akaniomba nimchukue kijana wake nimfunze kazi. Alimaliza kidato cha nne mwaka wa 2024, akapata C- na hesabu D. Ni kijana mzuri. Hanywi, haibi, na asubuhi ananikuta nikiwa bado natafuta funguo. Nikamchukua.

Wiki iliyopita tulikuwa na kabati la droo sita la mteja wa Ruaka, mahogani ya Kongo, si mchezo. Nilikuwa natoka kwenda mjini kutafuta reli za droo, kwa hiyo nikamwandikia kwa penseli kwenye kipande cha mbao: nyuso za droo, inchi 22 na 3/8, vipande sita. Nikaondoka.

Niliporudi nilikuta vipande sita vimekatwa safi kabisa, vimepangwa, hata vimepigwa msasa. Na vyote ni vifupi. Kijana alivuta tepu hadi 22, akahesabu vistari vitatu vidogo, akatia alama. Tepu yangu imegawa inchi moja mara kumi na sita, kwa hiyo vistari vitatu ni 3/16. Upungufu ni karibu milimita tano kila uso. Panya hapiti hapo, lakini jicho la mteja linapita.

Nikamuuliza taratibu (mwanzoni ilikuwa taratibu): kati ya nusu na 3/8, kubwa ni ipi? Akasema 3/8, kwa sababu nane ni kubwa kuliko mbili. Nikamtazama. Akadhani nimekasirika kwa sababu amejibu kwa kukisia, akatoa simu aniangalizie.

Hiyo simu ndiyo iliyonimaliza. Nilisema maneno ambayo siyarudii hapa, mbele ya mafundi wenzangu na mama anayetuletea uji. Leo ni siku ya tatu kijana haji kazini. Dada anapiga, sipokei.

Mbao peke yake ni shilingi elfu tisa na ushee. Sasa niambieni. Nimkate hela? Nimrudishe nyumbani? Ama nikae chini niwe mwalimu wa darasa la nne na miaka yangu arobaini na saba? Miaka kumi na miwili shuleni alikuwa anafanya nini huyu mtoto?

Mama Grade Saba

Pole fundi. Ni hii CBC, huu mtaala mpya! Wangu yuko Grade 7, tumechora, tumebandika, tumepika, tumepiga picha za kupika tukazipeleka saiba kuchapisha, na juzi nimempeleka kwa nyanyake nikamwambia, hebu tazama saa ya ukutani uniambie ni saa ngapi. Akakodoa macho. Mkono mfupi uko kwenye nane, mrefu kwenye kumi na mbili, asubuhi kweupe. Kwanza akasema "simu yako iko wapi", halafu akasema ni saa nane, kwa kuwa kwenye simu huwa anaona 8:00. Nyanyake alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka.

Kijana wa Umoja

Mama, pole, lakini soma tena. Huyo kijana ni wa 8-4-4 kamili, ule mtaala wa zamani. CBC ilianza mwaka wa 2017 na watoto wa madarasa ya chini, na wa kwanza wao ndio hawa wameingia Grade 10 Januari 2026. Kwa hivyo muwache CBC, kesi hii si yake.

Na wewe fundi, nikuulize kwa heshima. Ritani za kodi za KRA unajaza mwenyewe ama unamlipa mtu wa saiba? Kila kizazi kina vitu hakijui. Kijana hajui vistari vya tepu, sawa. Lakini kumtukana mbele ya mama wa uji ni kumwambia asirudi.

Fundi wa Ngong Road

Umenipiga pabaya. Ritani ananijazia yeye. Na nikiwa mkweli kabisa, huyo mteja wa Ruaka alitupata kwa picha ambazo kijana aliweka mtandaoni. Mimi nilikuwa namwambia aache kupiga picha afagie.

Lakini ndugu yangu, ritani ni mara moja kwa mwaka. Tepu ni kila dakika.

Makanga wa 46

Mimi sikumaliza darasa la saba na nasema hii kitu iko. Wanafunzi wa chuo wawili wanapanda, nauli ni sabini kila mtu, wananipa mia mbili. Nawarudishia sitini. Mmoja ananiambia bado kumi, mwenzake anasema hapana, ametupea zaidi. Wanatoa simu wanapiga hesabu tukiwa tumefika Yaya. Siku nyingine nikiwa na moyo mbaya ningeweza kula hela yote na hakuna mtu angejua. Wakilipa kwa simu hata hawaulizi, wanaandika namba ninayotaja mimi.

Fundi, usimkate hela. Unamlipa ngapi kwani?

Fundi wa Ngong Road

Mia nne kwa siku na chakula cha mchana.

Makanga wa 46

Basi ukimkata elfu tisa atafanya kazi bure hadi mwezi ujao. Hapo umemfukuza tu kwa njia ndefu.

Msumeno

Mfukuze. Biashara si shule. Vijana wanaotafuta kazi wamejaa.

Mwalimu Mstaafu

Nimefundisha hesabu katika shule za msingi za Eastlands kwa miaka thelathini na moja, nimestaafu juzi, na magoti yangu yana habari. Fundi, swali lako la mwisho lina jibu, ila halikupendezi.

Piga hesabu ya kijana wako. Kama alifanya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, mwaka wa 2024, basi alikuwa darasa la nane wakati wa korona. Machi 2020 shule zilifungwa. Wa darasa lake waliitwa Oktoba, wakafanya KCPE, mtihani wa darasa la nane, Machi 2021, mwaka ukiwa umeshapita. Agosti wakaingia kidato cha kwanza, na kuanzia hapo mihula ilibanwa kufidia muda uliopotea, hadi Januari 2023 ndipo kalenda ikarudi mahali pake. Mwalimu anayekimbizwa na silabasi harudi nyuma kumfundisha mtu 3/8. Anasema "hii mlifanya shule ya msingi" na kufuta ubao.

Na shule ya msingi je? Hesabu za sehemu, nusu na robo, zinafundishwa darasa la tatu, la nne. Darasani nilikuwa na watoto zaidi ya themanini. Wanaoelewa wananyoosha mkono, wasioelewa wanajifunza kunyamaza, na kunyamaza nako ni ustadi, mtoto anaweza kufika nao mbali sana. Mtihani wa KCPE ulikuwa wa kuchagua A, B, C au D kwa penseli. Mtoto mjanja anaondoa majibu mawili ya kijinga, anakisia kati ya mawili yaliyobaki. Sisi wenyewe tuliwafundisha ujanja huo, sitadanganya. Halafu kuanzia 2018 serikali ikataka kila mtahiniwa aende sekondari, jambo jema, ila pengo la darasa la nne walienda nalo.

Sasa upande wako. Silabasi yetu inafundisha milimita, sentimita na mita. Inchi haimo. Huyo kijana hajawahi kufundishwa tepu yako na mtu yeyote, pamoja na wewe. Ulimpa kipande cha mbao chenye namba ukaenda mjini.

Fundi wa Ngong Road

Mwalimu, mbao huko mjini zinauzwa kwa futi na inchi. Sita kwa moja, nne kwa mbili. Nikiingia duka la mbao nikasema milimita mia moja hamsini na mbili wataniuliza kama nimekunywa.

Lakini sawa. Nimekusikia. Sikumwonyesha. Nilidhani ni kitu mtu anakijua tu.

Mwalimu Mstaafu

Na wewe ulijuaje?

Fundi wa Ngong Road

Nilipigwa rula ya vidole na fundi wa Kariobangi mwaka wa 1996. Kila kistari na kofi lake.

Mwalimu Mstaafu

Basi tutafute njia isiyo na makofi. Kata utepe wa karatasi, hata wa gazeti, urefu wowote. Mwambie aukunje katikati, atie kalamu kwenye mkunjo, aandike nusu. Akunje tena, robo. Akunje tena, na hapo ndipo penye neno: thumuni. Sehemu moja ya nane kwa Kiswahili ni thumuni. Wazee wa Nairobi tunalijua kwa senti hamsini, vijana hawalijui neno wala hiyo sarafu yenyewe. Akikunja mara ya nne atapata kumi na sita, na tepu yako iko mkononi mwake, ameitengeneza mwenyewe. Muulize tena nusu na thumuni tatu ipi ni kubwa. Hatahitaji kukisia, ataweka kidole.

Usimwambie ni kitu rahisi. Mtu akiambiwa rahisi na hajakielewa anafunga masikio.

Babu Kariokor

Mwalimu amesema vizuri. Mimi niongeze la kazi. Fundi mmoja Kalasinga aliyenifundisha miaka ya sabini alikuwa hapendi namba hata kidogo. Alikuwa na ufito ulionyooka, futi nne hivi. Anauweka kwenye nafasi ya droo, anatia alama ya penseli, anaupeleka kwenye mbao, anakata. Kabati zima liko kwenye ufito mmoja: upana huku, kimo upande wa pili. Ukikosea unarudi kwenye ufito, hurudi kwenye kumbukumbu. Nyuso za droo sita hupimi mara sita. Unakata moja, unaijaribu kwenye nafasi yake, ikikaa ndiyo unazifuatisha nyingine tano.

Kijana alikata zote sita bila kujaribu hata moja. Hiyo siyo hesabu, fundi. Hiyo ni ya karakana yako.

Kijana wa Umoja

Wazee leo mmeamka vibaya na fundi 😅

Mama Grade Saba

Mwalimu, nami niulize kidogo. Huyu wangu hesabu haipendi, na nilisikia akifika Grade 10 akichagua michezo na sanaa ataiacha. Ni kweli?

Mwalimu Mstaafu

Ndivyo ilivyokuwa imepangwa, watu wakapiga kelele, na mwaka wa 2025 wizara ikabadilisha. Sasa kila mwanafunzi wa Grade 10 anasoma hesabu: wa sayansi wanasoma ile nzito, wengine ile ya matumizi ya kila siku. Kwa hiyo hana pa kutorokea. Anza na ile saa ya ukutani. Mfundishe kwanza kwa Kiswahili peke yake, jua likichomoza tunaanza kuhesabu, kisha ndipo umwonyeshe kwamba Mzungu anaanza kuhesabu kutoka usiku wa manane. Mtoto wako hakukosea sana, amechanganya lugha mbili katika uso mmoja wa saa.

Mama Grade Saba

Asante mwalimu. Na wewe fundi, pokea simu ya dadako. Mtoto wa mtu hajulikani aliko siku tatu na mjomba amezima, mimi ningekuwa nishafika hapo karakana na khanga kiunoni.

Dada wa Kabete

Ukiona huna muda wa kumfundisha, vyuo vya ufundi vipo. Kabete, ambayo sasa ni polytechnic ya kitaifa, imefundisha ufundi tangu 1924. Na akibaki kwako, mpeleke baadaye afanye mtihani wa ufundi wa serikali chini ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Anaanza Gredi ya Tatu, anapanda. Ndugu yangu alijifunza kwa fundi wa kando ya barabara hivyo hivyo, akafanya mtihani, leo ana karatasi ya kuonyesha. Ila huko nako watampa tepu, kwa hiyo hilo la vistari ni lako kwanza.

Fundi wa Ngong Road

Nimerudi, wadau.

Jana jioni nilienda Kawangware. Kijana alikuwa nyumbani, hakupotea. Dada alinikaribisha kwa heshima zote, akaniletea chai, akaniambia "mjomba amekuja" kwa ile sauti mnayoijua kama mna dada mkubwa. Nikasema pole mbele yake, kwa kuwa nilitukana mbele ya watu. Ilinitoka kwa shida. Kijana akasema "ni sawa, mjomba", lakini alikuwa anatazama kikombe.

Nikatoa gazeti mfukoni. Tukakunja karatasi pale mezani watatu, na dada pia, ambaye nimegundua kuwa hajui 3/8 naye, na ana cheti cha upishi na miaka kumi na tano jikoni. Anapima kwa kikombe, anasema kikombe hakina vistari. Kijana alipofika kwenye mkunjo wa nne alinyamaza kidogo, akaweka kidole, akasogeza kidole kingine, akasema, "Kumbe ukizidi kugawa zinakuwa ndogo." Niliona aibu, kwa sababu nilimwita mjinga kwa kitu kilichotaka ukurasa mmoja wa gazeti la juzi.

Leo amekuja. Hela sikumkata. Zile nyuso sita tutazitumia kwenye meza za kando ya kitanda, hazitapotea zote. Tumetengeneza ufito kama Babu alivyosema, na kijana ameandika inchi upande mmoja na milimita upande wa pili, ili tusikilizane. Nimemwachia akate mbili peke yake. Nilikaa kwa mama wa uji nikamgeuzia mgongo ili nisimwangalie.

Makanga wa 46

Zilikaa?

Fundi wa Ngong Road

Moja ilikaa. Ya pili anasema ni msumeno.