Naomba ushauri: wanafunzi wangu wanachanganya "borrow" na "lend"

Habari zenu wakuu. Nafundisha Kiingereza darasa la sita, na hili linaninyima raha. Watoto wanaandika "borrow me your pen" badala ya "lend me your pen". Nimewaeleza kwamba anayepokea anatumia "borrow", anayetoa "lend". Wameitikia vizuri, kesho yake yaleyale.

Nahisi chanzo ni kuazima kwetu: "niazime kalamu", "nimeazima kalamu", kitenzi kimoja pande zote mbili. Kukopa na kukopesha angalau vinajitenga. Je, nianzie hapo kwenye kukopa na kukopesha ndipo nilete Kiingereza? Au kuna njia mliyotumia ikawakaa watoto kichwani? Mtihani wa muhula umekaribia, naumia wakipoteza alama kwa hili.