Tupeane uzoefu: siku ambayo kazi ya masijala, mapokezi au ofisi ya shule nusura ikushinde

Mhuri Mkavu: Nimemsikia afisa mmoja akimwambia mgeni kwamba jalada lake "linafanyiwa kazi", nikacheka peke yangu, kwa sababu sisi tunaobeba majalada tunajua kauli hiyo huficha nini. Naomba makarani, makatibu muhtasi na watunza kumbukumbu wenzangu tusimuliane yaliyotukuta.

Karani wa Dirishani: Mwalimu mmoja alikuwa anakaribia kustaafu, na ili madai ya mafao yake yatumwe zilihitajika barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini na barua zote za kupandishwa cheo. Jalada halikuwamo kabatini. Mkuu wa idara akatangaza mbele ya wageni kuwa masijala imelipoteza na kwamba mimi ndiye nitakayewajibishwa, huku mzee wa watu amekaa kwenye benchi, bahasha kwapani, hasemi neno. Nikafungua rejesta ya mwenendo wa majalada, ambamo kila jalada linalotoka huandikwa tarehe, jina la aliyelichukua na saini yake, nikakuta lilitoka zamani kwa saini ya mkuu huyo huyo. Niliiweka rejesta mezani kwake, ikiwa wazi kwenye ukurasa ule, nikanyamaza. Jalada lilikutwa kwenye droo yake, chini ya kalenda zilizopitwa na wakati, na folio za mwanzo, yaani karatasi zenye namba zilizomo jaladani, zilikuwa zimeanza kuchanika.

Mezani Daima: Hata mimi rejesta ndiyo iliyoniokoa.

Katibu Mtulivu: Kwa heshima zote, ndugu Karani, ulimwaibisha kiongozi wako. Ungemwomba faragha, ukamweleza kwa upole, na jalada lingepatikana vilevile.

Karani wa Dirishani: Yeye alinituhumu hadharani, wewe unataka nimsafishe faraghani?

Mama Risiti: Jamani, kabla hamjagombana, wa ofisi za shule nao wasikilizwe. Msimu wa kusajili watahiniwa mimi huchapa majina, hupokea ada, huwatuliza wazazi na hugonga kengele mpigaji asipokuwapo. Kinachonitesa zaidi ni majina: cheti cha kuzaliwa kina mpangilio huu, fomu ya mzazi ina mwingine, na mtoto mwenyewe amezoea wa tatu. Kosa hilo lisiposahihishwa kabla ya usajili kufungwa, mtoto atahangaika nalo hata atakapotafuta kazi. Siku hizi humpa mzazi orodha iliyochapwa aisome kwa sauti mbele yangu, kisha asaini.

Mhuri Mkavu: Ushauri mzuri, Mama. Lakini Karani, yule mwalimu alilipwa?

Mezani Daima: Nami nilitaka kuuliza hilo hilo.

Folio ya Kwanza: Wakati tunasubiri jibu, nawashauri mpige nakala ya kila barua inayopita mikononi mwenu na mzihifadhi nyumbani.

Katibu Mtulivu: Usiwapotoshe watu. Kumbukumbu za mtumishi ni siri, na karani atakayekutwa nazo nyumbani atakuwa amejiandikia mwenyewe barua ya kufukuzwa. Nakala zikae ofisini, kwa idhini ya mkuu.

Folio ya Kwanza: Mkuu yupi, yule mwenye droo?

Mama Risiti: Angalau stakabadhi za mashine, zile za karatasi inayochapwa kwa joto, zipigeni nakala mapema na muziambatishe jaladani, kwa maana maandishi yake hufifia na mkaguzi akija atakuta karatasi tupu.

Karani wa Dirishani: Alilipwa, ingawa kwa kuchelewa. Mkuu hakuniomba radhi, ila tangu siku ile akichukua jalada husaini kwa mchirizi ambao hakuna anayeweza kuusoma.

Mezani Daima: Ongeza safu ya jina kwa herufi kubwa, na uijaze mwenyewe kabla hajashika kalamu.