Naomba ushauri: wanafunzi wamekariri mazungumzo ya Kihispania lakini hawazungumzi

Mwalimu_Ngara: Wanajukwaa, hamjambo. Ninafundisha Kihispania hapa Nairobi, na wengi wa wanafunzi wangu wanatarajia kuongoza watalii au kusafiri Uhispania. Nimeyapanga masomo kwa kufuata safari yenyewe: uwanja wa ndege, stesheni, hoteli, mkahawa. Mazungumzo ya kitabuni wanayaigiza vizuri bila kutazama, ila nikibadilisha jibu moja tu, kwa mfano nikisema kwamba treni ya kwenda Sevilla imejaa, wote hunyamaza. Je, nitafute mada nyingine?

Binti_Pangani: Mwalimu, mada ziache. Kinachokosekana ni sababu ya kusikiliza, kwa maana mwanafunzi anayejua jibu litakalokuja hana haja nalo. Wagawe wawili wawili: mmoja ashike ratiba ya treni za stesheni ya Atocha, Madrid, ambayo unaweza kuitunga mwenyewe, yenye saa na nauli, mwenzake asiione, bali apewe kiasi cha pesa alicho nacho na saa ambayo ni lazima awe amefika Sevilla. Hapo atauliza kwa kuwa anataka kujua. Hata hivyo, tangulia na sentensi za kujiokoa, kama vile «¿Puede repetir, por favor?» (unaweza kurudia, tafadhali?) na «Más despacio, por favor» (polepole zaidi, tafadhali). Binafsi ninazithamini kuliko kurasa nzima za msamiati wa hoteli.

Msafiri_Eastleigh: Naongeza suala la saa. Sisi huanza kuhesabu saa za mchana alfajiri inapokwisha, kwa hiyo mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili akisikia «a las siete», ambapo «siete» ni namba saba, huenda akafika stesheni saa saba mchana, ilhali treni iliondoka saa moja asubuhi. Isitoshe, ratiba za Uhispania huandikwa kwa mfumo wa saa 24, basi wazoeshe kwamba 19:30 ni saa moja na nusu jioni. Wapime pia kwa nauli zenye sesenta na setenta, yaani 60 na 70, ambazo masikio huzichanganya kwa urahisi. Irabu hazitakusumbua, kwani ni tano na zinakaribiana mno na zetu.

Mwalimu_Ngara: Nashukuru sana. Je, niwafundishe «tú», yaani «wewe» ya kirafiki, au «usted», yaani «wewe» ya heshima? Wengine watapokea wageni kutoka Mexico na Argentina.

Binti_Pangani: Kwa mgeni au karani usiyemjua, «usted» haina hatari popote, ingawa Wahispania huhamia «tú» upesi. Tiketi ya treni ni «billete» Uhispania na «boleto» Mexico. Wazitambue zote mbili wakizisikia, lakini wao watumie moja. La kuangalia zaidi ni kitenzi «coger»: Uhispania mtu hukitumia anaposema amepanda basi, ilhali Mexico na Argentina kina maana ya matusi. Wafundishe «tomar», ambacho kinafaa kote, tena uwaeleze sababu mapema, kabla hawajakutana na hicho kingine kitabuni.